Namna ya Kufuatilia Kuenea kwa Mbu Wageni na Wenyeji Katika Miji ya Pwani

Mwaka 2012 Djibouti iliandikisha wagonjwa 27 tu wa malaria, na ilionekana kwamba nchi hiyo ilikuwa imekaribia kabisa kuutokomeza ugonjwa huo. Mwaka huohuo akatambuliwa katika mji mkuu wake mbu aitwaye Anopheles stephensi, ambaye kwao hasa ni Asia ya Kusini na Rasi ya Uarabuni, na kufikia mwaka 2020 idadi ya wagonjwa kwa mwaka ilikuwa imepita 73,000. Mbu huyo hakuishia hapo. Alionekana Ethiopia na Sudan mwaka 2016, Somalia mwaka 2019, Nigeria mwaka 2020, na mwishoni mwa mwaka 2022 alikutwa Laisamis na Saku, katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Kutoka Moyale hadi Mombasa ni lami tupu, na malori yanayopita njia hiyo hubeba mapipa, matangi na matairi, yaani vyombo vilevile ambavyo mbu wa mijini hupenda kutagia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maafisa afya, walimu wa sayansi wenye vilabu vya wanafunzi, na vikundi vya mitaa katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Hauhitaji maabara kubwa. Unahitaji subira, daftari linalotunzwa vizuri, na makubaliano ya kweli na wenye nyumba. Kazi yote imesimama juu ya jambo moja ambalo nitalirudia kila litakapohusika: kurudi mahali palepale, kwa njia ileile, na kuandika matokeo hata pale usipopata mbu yeyote. Mtu anayeandika siku za kupata tu atakuwa na orodha ya mbu, lakini hatakuwa na habari za kuenea kwao.

Wajue wenyeji kwanza

Mgeni hutambuliwa na mtu anayewajua wenyeji. Kabla ya kumtafuta Anopheles stephensi, jifunze mbu ambao wamekuwepo mtaani kwako siku zote, kwa sababu wao pia hubadilika na mabadiliko yao yana uzito uleule kwa afya ya watu.

Katika miji ya pwani utakutana na makundi matatu. La kwanza ni Culex, na hasa Culex quinquefasciatus, mbu wa kahawia anayezaliana katika makaro, mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu; ndiye anayewasumbua watu wengi usiku, na ndiye mwenezaji mkuu wa matende na mabusha mijini. La pili ni Aedes, na mkubwa wao ni Aedes aegypti, anayeuma mchana na kueneza dengue na chikungunya. Chikungunya yenyewe ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za Makonde, kusini mwa Tanzania, kwa hiyo hatuzungumzii magonjwa ya mbali. Rabai, nje kidogo ya Mombasa, watafiti wamechunguza kwa miongo kadhaa namna Aedes aegypti wa msituni, mweusi, anayependelea wanyama, alivyoishi jirani na mwenzake wa nyumbani aliye wa rangi ya kahawia na anayemtafuta binadamu. Hao wote ni wenyeji, na bado mmoja ni hatari kwa watu kuliko mwingine.

Kundi la tatu ni Anopheles. Humo wamo Anopheles gambiae, Anopheles arabiensis, Anopheles funestus, na katika maji ya chumvichumvi karibu na bahari, Anopheles merus. Katika pwani ya Kenya, tafiti zilizolinganisha sampuli za takribani miaka 20 zilionyesha kwamba baada ya vyandarua kuenea Anopheles gambiae mwenyewe alipungua sana, huku Anopheles arabiensis na Anopheles merus wakichukua sehemu kubwa zaidi. Mtu aliyekuwa akihesabu “mbu wa malaria” kwa jumla asingeliona badiliko hilo. Katika bonde la Kilombero, nchini Tanzania, Anopheles funestus amekutwa akibeba sehemu kubwa kabisa ya maambukizi hata pale anapokuwa mchache kuliko wenzake. Ndiyo maana spishi huhesabiwa moja moja.

Uwenyeji nao hutegemea mahali. Mwezi Machi 1930 mtaalamu wa wadudu Raymond Shannon alikuta viluwiluwi vya mbu wa Afrika katika mji wa Natal, Brazil. Mbu hao walikuwa wamevuka bahari kwa vyombo vya usafiri kutoka Afrika Magharibi. Wakati huo waliitwa Anopheles gambiae, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba walikuwa Anopheles arabiensis. Walisababisha mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 1938, na kampeni iliyoongozwa na Fred Soper ikafanikiwa kuwamaliza kufikia mwaka 1940. Iliwezekana kuwamaliza kwa sababu kila nyumba na kila dimbwi lilikaguliwa kwa ratiba na kuandikwa.

Chagua vituo utakavyoweza kuvirudia

Anza na eneo dogo. Mtaa mmoja wenye vituo 20 vinavyotembelewa kila mwezi kwa mwaka mzima una faida kubwa kuliko wilaya nzima iliyozungukwa mara moja. Vituo vichanganye nyumba za kawaida na mahali ambapo mgeni anaweza kufikia kwanza: bandari na maegesho ya malori, yadi za makontena, maduka ya matairi yaliyotumika, stendi za mabasi, majengo yanayojengwa yenye mashimo na mapipa ya maji ya saruji, bustani za kuuzia miche, shule, na misikiti au makanisa yenye matangi na visima. Aedes albopictus, mbu mwingine wa Asia, alisambaa duniani kwa kiasi kikubwa kupitia biashara ya matairi yaliyotumika. Mayai ya Aedes hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo tairi linaweza kusafiri likiwa kavu na kuanza kutoa mbu mara likinyeshewa. Aliripotiwa Nigeria mwaka 1991 na baadaye akaenea katika nchi kadhaa za Afrika ya Kati.

Kabla ya kugusa chombo chochote, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu, kisha kwa kila mwenye nyumba. Eleza unatafuta nini, utarudi mara ngapi, na kwamba hutaandika jina lake katika ramani itakayosambazwa. Mama mwenye nyumba akishajua kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuna watu watakaokuja kuangalia tangi lake, mara nyingi atakuwa ameshaweka ngazi. Akikataa, heshimu uamuzi wake na uandike “hakukuingiwa”. Usiandike sifuri, kwa sababu sifuri maana yake ni kwamba ulitafuta na hukupata.

Kila kituo kipe namba isiyobadilika, na uchukue alama zake za mahali kwa simu. Simu yoyote yenye GPS inatosha, mradi usimame nje mahali pa wazi na kusubiri usomaji utulie. Dar es Salaam ina bahati kwamba mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na mitaro ya maji katika ramani huria. Mahali palipokwisha kuchorwa hivyo, nusu ya kazi ya kupanga vituo imekwisha kufanyika.

Kuchota viluwiluwi

Kwa kumtafuta Anopheles stephensi, viluwiluwi ni muhimu kuliko mbu wakubwa. Mitego ya mwanga inayowanasa Anopheles wetu vizuri imeonekana kumnasa yeye kwa shida, lakini viluwiluwi vyake hupatikana kwa anayefunua vifuniko vya matangi. Tena hupatikana hasa pale ambapo wengi wetu tumezoea kutegemea Aedes peke yake: mapipa, simtanki, visima vya kujengea, mabirika ya kunyweshea mifugo, na matangi ya saruji chini ya ardhi. Viluwiluwi vya Aedes na vya Anopheles stephensi huweza kukutwa katika chombo kimoja. Mtu aliyeona Aedes na kufunga daftari anaweza kuwa amemwacha mgeni humohumo.

Vifaa ni hivi: upawa mweupe wenye mpini mrefu unaochota kama mililita 350, sinia au beseni jeupe, pipeti ya plastiki, wavu mdogo wenye matundu membamba kwa ajili ya matangi na visima, tochi, vichupa vyenye vifuniko, na penseli. Rangi nyeupe ni ya lazima, kwa sababu kiluwiluwi kichanga hakionekani katika chombo cheusi.

Lifikie dimbwi au pipa taratibu, jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisiangukie maji. Viluwiluwi vikiona kivuli au vikihisi mtikisiko huzama, na vya Anopheles huweza kukaa chini kwa muda. Vikizama, simama bila kutikisika kwa dakika mbili au tatu mpaka vipande tena. Ingiza upawa kwa mshazari wa kama nyuzi 45, ukingo mmoja ukiwa chini kidogo ya uso wa maji, uache maji yaingie yenyewe, kisha uinue bila kumwaga. Chota kandokando ya chombo na karibu na majani au takataka zinazoelea. Mara 10 kwa kila dimbwi la kawaida ni idadi inayofaa. Lililo muhimu ni idadi hiyo isibadilike kutoka mwezi hadi mwezi. Kwa tangi lenye mdomo mwembamba ambamo upawa haupiti, zungusha wavu mara moja pembezoni na mara moja katikati, uumimine ndani ya sinia, na uandike kwamba ulitumia wavu, kwa maana matokeo ya wavu na ya upawa hayalinganishwi moja kwa moja. Maji ya kunywa ya watu yashughulikie kwa vifaa safi vilivyotengwa kwa kazi hiyo, ambavyo havijawahi kugusa karo wala mtaro.

Tazama sasa kilichomo katika upawa. Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, kimenyooka, kikiwa hakina mrija wa kupumulia. Kikiguswa huruka kwa kurudi nyuma kwa mikupuo. Cha Culex huning'inia kichwa chini, mkia juu, kikipumua kwa mrija mrefu mwembamba. Cha Aedes nacho huning'inia, lakini mrija wake ni mfupi na mnene, na mwendo wake ni wa kujinyonganyonga. Tofauti hizi huonekana kwa macho matupu, na mwanafunzi wa darasa la sita huzimudu baada ya kuonyeshwa mara chache. Hesabu vya kila kundi katika kila mchoto, na upambanue vichanga na vikubwa, kwa sababu kuwepo kwa vikubwa na pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, kunaonyesha kwamba chombo hicho kinatoa mbu kweli. Mayai yakionekana, ya Culex yamegandamana katika kundi linaloelea, ya Anopheles hutagwa moja moja juu ya maji, na ya Aedes ni vitone vyeusi vilivyobandikwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji.

Dalili ambayo haitakiwi kupuuzwa hata kidogo ni hii: viluwiluwi vya Anopheles katika tangi la maji safi, katikati ya mji, wakati wa kiangazi. Wenyeji wetu hutegemea zaidi madimbwi ya mvua, majaruba ya mpunga na maji yaliyotuama juani, na hupungua mvua zikikata. Anopheles stephensi hutegemea maji ambayo watu huyahifadhi kwa sababu bomba halitoki kila siku, kwa hiyo ukame haumpunguzi kwa namna hiyohiyo. Mlipuko wa malaria wa mwaka 2022 huko Dire Dawa, Ethiopia, ulitokea wakati wa kiangazi, na ulihusisha hosteli za chuo kikuu. Hata hivyo dalili si uthibitisho. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis nao wameshawahi kukutwa katika vyombo, na mwenye kuamua ni maabara.

Mitego ya mbu wakubwa

Kwa wenyeji, mitego bado ni ya thamani. Mtego wa mwanga wa aina ya CDC hutundikwa karibu na miguuni mwa kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kwa Aedes, weka mtego wa mayai: kikopo cheusi, maji hadi theluthi mbili, na ndani yake kipande cha ubao usiolainishwa au karatasi ngumu inayofyonza maji. Kiweke kivulini, mahali ambapo watoto na kuku hawafiki, na ukikusanye kila baada ya siku 7 bila kuchelewa. Mtego wa mayai uliosahaulika huwa zalia la mbu, na kikundi kinachoacha vikopo vyake mitaani kinawadhuru watu kilichokuja kuwasaidia. Mbu wanaopumzika ndani ya nyumba au mabanda ya mbuzi na ng'ombe hunyonywa kwa kifaa chenye feni ya betri. Mabanda yasirukwe, kwa sababu Anopheles stephensi hupumzika na kula huko pia.

Usimkalishe mtu yeyote, wala usikae mwenyewe, kuwa chambo cha mbu. Njia hiyo hutumiwa na watafiti wenye kibali cha kamati ya maadili na dawa za kinga, na si kazi ya kikundi cha mtaa.

Kulea na kuhifadhi sampuli

Kiluwiluwi hakitambuliki kwa urahisi hadi ngazi ya spishi, kwa hiyo baadhi ya vile ulivyochota vilee mpaka viwe mbu. Tumia maji ya chombo kilekile, kivulini, katika joto la kawaida la chumba. Walishe chembe ndogo za chakula cha samaki kilichosagwa. Ukizidisha, maji huoza na viluwiluwi hufa. Katika joto la pwani safari ya kutoka kiluwiluwi kichanga hadi mbu huchukua kama wiki moja hadi mbili, na pupa haili. Pupa wakitokea, wahamishe kwa pipeti kwenye kikombe kilichofunikwa kwa neti iliyokazwa kwa mpira. Ukaze vema, na ukague kama neti ina tundu: kulea mbu anayeshukiwa kuwa mgeni kisha kumwacha atoroke ni kumsaidia kuenea.

Mbu wakishatoka na kukauka mabawa, kwa kawaida siku moja baadaye, waue kwa kuwaweka kwenye friza nusu saa. Kila mbu aende kwenye kichupa chake, juu ya chembe za silika zinazofyonza unyevu, na pamba nyembamba katikati ili asisuguane nazo. Unyevu wa pwani ni adui mkubwa wa sampuli. Mbu aliyehifadhiwa bila silika huota ukungu, magamba yanaanguka, na alama zote za kumtambulisha hupotea. Viluwiluwi vya kuhifadhi vitie katika alkoholi ya asilimia 70 hadi 80. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya kichupa, kwa kuwa wino huyeyuka katika alkoholi na karatasi iliyobandikwa nje hubanduka. Iandikwe tarehe, namba ya kituo, aina ya chombo, njia iliyotumika na jina la mchotaji. Kichupa kisicho na lebo hakina kazi, hata kama mbu aliyemo ni wa ajabu kiasi gani.

Kutambua spishi

Chukua kioo cha kukuzia, au hadubini ndogo ya shule, na uanze na kichwa. Jike wa Anopheles ana palpi, yaani vijiti viwili vilivyo kandokando ya mdomo wa kunyonyea, vinavyokaribia kulingana na mdomo huo kwa urefu. Kwa Culex na Aedes wa kike palpi ni fupi mno. Dume wa aina zote hutambulika kwa vipapasio vyenye manyoya mengi. Anopheles akitua, mwili wake wote huwa mshazari, mkia ukielekea juu, ilhali wengine hukaa sambamba na ukuta.

Kwa Aedes, tazama mgongo wa kifua. Aedes aegypti ana mistari myeupe miwili iliyopinda pande zote mbili na mingine miwili myembamba katikati, ilhali Aedes albopictus ana mstari mmoja tu mweupe ulionyooka katikati, unaoanzia kichwani. Mtu akimpata huyo wa mstari mmoja katika mji wa pwani yetu, ampige picha mara moja na ahifadhi sampuli.

Kwa Anopheles kazi ni ya makini zaidi. Anopheles funestus ni mdogo, mweusi, na miguu yake haina madoadoa. Wa kundi la Anopheles gambiae wana miguu yenye madoadoa, na palpi zao zina mikanda mitatu ya rangi hafifu iliyo safi. Anopheles stephensi hufanana nao kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka, lakini palpi zake zina mikanda miwili mipana kuelekea ncha, na kati ya mikanda kumenyunyizwa vidoa vyeupe. Mgongo wa kifua nao una magamba meupe yanayoonekana wazi. Geuza mbu taratibu kwa sindano nyembamba chini ya mwanga wa pembeni, kwa sababu vidoa vya palpi haviko wazi mwanga ukitoka juu moja kwa moja. Mbu aliyechakaa, aliyepoteza magamba, mwandike “Anopheles, haikutambulika”. Maneno hayo mawili ni matokeo halali, na kukisia ndiko kunakoharibu daftari zima.

Kwa macho hakuna anayeweza kumtenganisha Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis. Hao hutenganishwa kwa kipimo cha PCR kinachosoma vinasaba, na mguu mmoja wa mbu unatosha. Uthibitisho wa Anopheles stephensi mahali papya nao hutakiwa kufanywa kwa vinasaba. Kwa sababu hiyo jenga uhusiano mapema na taasisi yenye uwezo, kama KEMRI au ICIPE kwa Kenya, Taasisi ya Afya Ifakara au NIMR kwa Tanzania, na kitengo cha malaria cha Zanzibar kwa Visiwani, badala ya kuanza kuwatafuta siku ambayo kichupa kimekwisha kuwa mkononi.

Picha nzuri za simu nazo zina nafasi yake. Mpige mbu kutoka juu, kutoka ubavuni, na kichwa peke yake kwa karibu, juu ya karatasi nyeupe. Nchini Hispania mradi wa Mosquito Alert hupokea picha za wananchi na wataalamu huzihakiki. Ni picha ya mwananchi iliyofichua mwaka 2018 kwamba Aedes japonicus alikuwa amefika Asturias. Jukwaa la iNaturalist linatumika popote duniani, ingawa picha peke yake haitoshi kwa Anopheles.

Daftari na ramani

Kila ziara iwe na mstari kwa kila chombo kilichokaguliwa, si kwa kila mbu aliyepatikana. Safu zake ziwe: tarehe, namba ya kituo, alama za mahali, aina ya chombo, kama kina maji na kama kimefunikwa, njia na idadi ya michoto, idadi ya viluwiluwi vya kila kundi, pupa, hali ya mvua wiki iliyopita, na hatua iliyochukuliwa. Programu ya kukusanyia taarifa iitwayo KoboCollect hufanya kazi kwenye simu bila intaneti na kutuma taarifa baadaye. Karatasi iliyopigwa mistari nayo inatosha, mradi ihamishiwe kwenye kompyuta siku hiyohiyo na picha yake itunzwe.

Viashiria vya kawaida ni vitatu na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mmekagua nyumba 50, nyumba 8 zikawa na viluwiluwi vya Aedes. Kiashiria cha nyumba ni asilimia 16. Vyombo vyenye maji vilikuwa 120 na 15 vikawa na viluwiluwi. Kiashiria cha vyombo ni asilimia 12.5. Vyombo 15 katika nyumba 50 ni sawa na 30 kwa kila nyumba 100, na hicho ndicho kiashiria cha Breteau. Hesabu hizi zifanyike kwa kila spishi peke yake.

Ramani nayo iwe na alama za aina tatu: palipotafutwa na kupatikana, palipotafutwa na kukosekana, na pasipotafutwa. Ramani nyingi za mbu huonyesha aina ya kwanza tu, na matokeo yake ni kwamba zinachora barabara ambazo watafiti walipita. Mwezi ambao kikundi kimepata watu wengi wa kujitolea, madoa huongezeka hata kama mbu hawakuongezeka. Ndiyo maana hesabu ya waliopatikana hugawanywa kwa idadi ya vyombo vilivyokaguliwa. Vilevile, tarehe ya kumwona mgeni kwa mara ya kwanza si lazima iwe tarehe aliyofika. Doa jipya linakuwa habari ya kuenea pale tu ambapo daftari linaonyesha kwamba kituo hichohicho kilikaguliwa miezi iliyotangulia bila kupatikana kitu. Linganisha pia masika na masika, kiangazi na kiangazi. Kulinganisha Aprili na Agosti kutakuambia habari za mvua.

Ukimshuku mgeni

Usitangaze katika kundi la WhatsApp la mtaa. Mwenye nyumba atabebeshwa lawama asiyostahili, na mwezi ujao milango itafungwa. Mjulishe mratibu wa malaria wa wilaya au wa kaunti ndogo, umpe nakala ya mstari wa daftari, na ukabidhi baadhi ya sampuli kwa maandishi, ukibaki na nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu mbu huyu mwaka 2019 na kuanzisha mpango maalumu wa kumzuia barani Afrika mwaka 2022, na taarifa zilizothibitishwa huingizwa katika ramani yake ya vitisho vya malaria kupitia mamlaka za nchi.

Chota sampuli za kutosha kabla ya chombo kuguswa, lakini usikiache kiendelee kutoa mbu kwa ajili ya takwimu zako. Pipa limwagwe na kusuguliwa ndani, tangi lifunikwe kwa kifuniko kinachobana au kwa neti, na dawa ya kuua viluwiluwi itiwe na afisa afya pale maji hayawezi kumwagwa, kwa kipimo kinachoruhusiwa kwa maji ya matumizi. Andika hatua hiyo na tarehe yake, ili kushuka kwa hesabu mwezi unaofuata kusieleweke vibaya. Kisha panua ukaguzi: vyombo vyote katika nyumba zinazopakana, halafu mduara unaoongezeka kuelekea barabara kuu, stendi na maeneo ya ujenzi, kwa kuwa mgeni aliyekutwa katika tangi moja kwa kawaida ana matangi mengine jirani.

Sampuli ulizobaki nazo zipangwe kwa mwaka na kituo, katika sanduku kavu, na silika ibadilishwe inapobadilika rangi. Maabara zimewahi kurudia sampuli za zamani na kukuta spishi ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta siku ilipochotwa, na hilo huwezekana tu kwa sampuli ambazo lebo zake bado zinasomeka.